Kibao Nilichomvisha Riziki

Nyinyi mliochukua darasa la Jumamosi, nasikia mnataka niwaandikie mbinu. Mbinu ninazo. Nimefundisha watoto maneno kwa michezo tangu miaka ya tisini, siku za wiki Kiingereza katika shule moja ya Gulfton, hapa Houston, nikiwa msaidizi wa mwalimu, na Jumamosi Kiswahili katika chumba cha nyuma cha kanisa. Nitawapa zote, maana kaburini sitakuwa na mwanafunzi. Lakini mbinu zangu hazikuja zenyewe. Kila moja ina mtoto nyuma yake, na yuko mtoto mmoja ambaye mpaka leo namtaja kwa shida. Kwa hiyo mtanivumilia. Na mtu asinikatize.

Tuanze na mfuko, kwa sababu ni rahisi na mnaukosea. Nimewaona. Mnaweka vitu vya plastiki mlivyonunua dukani, ndizi ya plastiki, samaki wa plastiki, halafu mnashangaa mtoto anapiga miayo. Jamani! Weka mwiko wenye harufu ya vitunguu. Weka kamba ya viatu, kifungo, kitambaa chenye unyevu, punje za mahindi. Mtoto aingize mkono bila kuangalia, apapase, aseme ni nini kabla hajakitoa. Neno linaingia kupitia vidole. Mimi nilikuwa na kiondo, kikapu cha mkonge, nilichotoka nacho Machakos, na siku moja, wakati nimegeuka kuandika ubaoni, kijana mmoja wa Kitanzania aitwaye Godi akatia humo paja la kuku alilokuwa hajamaliza kula. Nikaingiza mkono. Wee! Nilipiga nduru mpaka mchungaji akaja mbio na Biblia mkononi. Kwa miezi miwili hakuna mtoto aliyesahau neno "paja", wala neno "nduru". Kama ningekuwa na akili ningeelewa pale pale kwamba mtoto akicheka, neno linakaa. Lakini akili huja taratibu, hasa kwa walimu.

Mnyororo mnaujua. Wa kwanza anasema "meza", wa pili anachukua silabi ya mwisho, "zawadi", wa tatu "dirisha", wa nne "shaba", wa tano "barua", na wa sita anaanza na "a". Kiswahili kimeumbwa kwa mchezo huu. Kosa lenu, na lilikuwa kosa langu kwa miaka, ni kuridhika na majina ya vitu. Nilikuwa na watoto wanaojua vitu vyote vya jikoni lakini hawawezi kusema "nimechoka" au "niache kidogo". Kwa hiyo mnyororo ukikatika, aliyeukata amwombe jirani yake kitu kwa neno la mwisho. Nipe barua. Sitaki barua. Barua yangu iko wapi. Hapo ndipo lugha inapoanza kuwa ya mtu.

Na msibishane na mtoto wa Kikongo akisema sombe badala ya kisamvu. Yote ni majani ya muhogo, yote yanapikwa, andika yote mawili ubaoni uendelee. Wazazi ndio watakaobishana mlangoni, waache, wanafurahia.

Aliyenifundisha kazi hii ni Bi. Loretta, mwalimu mwenye darasa nililokuwa nikisaidia pale shuleni. Alikuwa Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Texas, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Darasa lake lilikuwa la watoto waliofika juzi kutoka kila pembe ya dunia. Mtoto akijibu kwa lugha yake, yeye aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa, halafu akamrudishia jibu lile lile kwa Kiingereza, polepole, na mtoto akalirudia. Basi. Hakuna "umekosea", hakuna "sema tena vizuri". Nilimwambia mara moja kwamba anawadekeza. Akanijibu: "Neno mtoto anapewa. Usimlipishe." Nikamwona mlegevu. Moyoni nikasema huyu mama hajui sisi tulivyosoma kule kwetu.

Na kwetu tulisomaje? Wenye umri wangu wanajua. Shuleni kwangu Ukambani kulikuwa na kibao, kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Ukisikika unasema Kikamba, unavishwa shingoni. Utakaa nacho mpaka umkamate mwenzako akisema Kikamba, umshtaki, umvishe yeye. Wa mwisho kuwa nacho jioni anachapwa. Mimi nilikivaa nikiwa darasa la nne kwa sababu nilimwambia rafiki yangu kwamba nyuki ameingia kwenye nywele zake. Nililia siku ile. Halafu, miaka thelathini baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye vyeti, nikakata kipande cha ubao katika gereji yangu ya Houston, nikatoboa tundu, nikatia kamba.

Mnaniangalia vibaya, najua. Angalieni tu.

Hoja yangu ilikuwa hii: watoto wetu walikuwa wanajibu kila kitu kwa Kiingereza. Ukimwuliza "umekula?", anakujibu kwa Kiingereza. Nikaona nigeuze dawa. Kibao kile kile, lakini sasa cha anayesema Kiingereza. Bila viboko, bila shaka, hapa si kwetu. Nikauita mchezo, na siku ya kwanza kweli ulikuwa kama mchezo. Walikimbizana, wakategeana, Godi akakivaa mara saba. Nikarudi nyumbani nimejaa sifa. Nikajiambia mwaka huu watoto watazungumza.

Riziki alikuwa ameletwa mwezi wa pili. Aliyemleta ni shangazi yake, ambaye Wakongo wote pale kwenye fleti za Gulfton walimwita Tantine Vumilia. Tantine alikuwa akihudumia wazee majumbani, zamu mbili kwa siku, na alinijia bado amevaa yale mavazi yake ya kazi.

"Mwalimu," akaniambia, "papa yake huyu mutoto anakuja. Makaratasi yake yamepita. Mwezi wa sita iko hapa. Na mutoto hajue hata kumuambia karibu."

Riziki alikuwa na miaka kumi. Alitoka Kongo mgongoni mwa Tantine akiwa na miaka mitatu, vita vilipowatenganisha na baba, na mama alikuwa amekwisha kufa. Baba alibaki kambini miaka yote hiyo, akiomba, akihojiwa, akingoja. Mtoto akakulia hapa. Nikamwuliza Tantine, kwa ule ukali wangu wa kiualimu, kwa nini hakuwa akimsemesha Kiswahili nyumbani.

Akaniangalia kwa mshangao. "Si ni wewe, mwalimu? Kwa ule mukutano wa wazazi kwa masomo. Ulisimama mbele ukatuambia tuongee Kiingereza na batoto, juu bapite darasa."

Ni kweli. Nilisema. Miaka ile ndivyo tulivyoambiwa tuseme, nami nikasema kwa sauti kubwa, nikaitafsiri kwa Kiswahili ili hata mtu mmoja asikose kusikia. Nikamshika Riziki mkono, nikamwingiza darasani, na nikaapa kwamba mwezi wa sita ukifika mtoto huyu atazungumza na baba yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mwaka ule. Nyingine zote zilikuwa za kupitisha muda.

Na alikuwa mwepesi, haki ya Mungu! Kwenye mfuko alitambua vitu haraka kuliko wote. Alikuwa na daftari dogo lenye jalada la zambarau, na humo akaandika kila neno atakalomwambia baba. Akanijia na orodha ya aliyotaka kujua: "Unasemaje nina mbwa wa kuchezea? Unasemaje mimi ni wa pili kwa hesabu?" Akatunga sentensi ya uwanja wa ndege, tukairekebisha pamoja: "Karibu baba, nimekungoja sana." Aliifanyia mazoezi akiruka kamba nje ya kanisa.

Jumamosi yake ya tatu ndipo nilipoleta kibao.

Siku hiyo katoto kadogo, ka miaka mitano hivi, kalijikata kidole kwa mkasi, kakaanza kulia. Riziki ndiye aliyekuwa karibu. Akapiga magoti, akakashika mkono, akakauliza kwa Kiingereza kama kako sawa, akakapuliza kidole. Watoto wengine wakapiga kelele: "Mwalimu! Amesema! Amesema!" Nami nikafanya nini? Nikamvua Godi kibao, nikamvisha Riziki. Nilikuwa natabasamu, mniamini. Nikamwambia, "Haya, sasa mkamate mwingine."

Hakumkamata mwingine. Hilo sikulitarajia. Watoto walikuwa wanasema Kiingereza masikioni mwake, wengine makusudi kabisa ili washtakiwe na mchezo uendelee, naye hakufungua mdomo. Hakutaka kumshtaki mtu. Nilidhani ameshindwa kuelewa sheria, nikamweleza upya. Alikuwa ameelewa. Jumamosi iliyofuata, kwa kuwa sheria ni sheria, akaanza nacho. Iliyofuata tena. Jumamosi tatu mtoto yule alikaa na ubao wangu kifuani kwa sababu hakuwa mshtaki, na mimi nikamwita mkaidi mbele ya wenzake.

Bi. Loretta nilimsimulia siku moja tukipanga viti. Nilimsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Akavua miwani, akauliza, "Na huyo mtoto sasa anasema nini?"

Nikasema hasemi kitu.

"Basi ameupata mchezo wako," akasema. "Asiyesema hakamatwi."

Nilimkasirikia Bi. Loretta wiki nzima. Kisha nikakitupa kibao kwenye pipa la taka nyuma ya kanisa, nikarudi kwa mfuko na mnyororo, nikaleta biskuti, nikaleta kila kitu. Riziki alikuwa akija na kukaa. Ukifika zamu yake kwenye mnyororo alitikisa kichwa, mwenzake akaendelea. Daftari la zambarau hakulileta tena. Nilimwomba msamaha, kwa Kiingereza, tumekaa wawili kwenye ngazi. Akaniambia kwa adabu kwamba hakuna neno. Watoto wa hapa hufundishwa kusema hivyo hata ukiwa umewavunja mguu.

Mwezi wa sita ukafika. Tantine aliniomba niwapeleke uwanja wa ndege kwa sababu gari langu lilikuwa kubwa. Tulisimama pale watu wanapotokea, Riziki amevaa gauni la njano, nywele zimesukwa jana yake. Nilikuwa bado na matumaini. Nilijiambia akimwona baba, mdomo utafunguka wenyewe, damu si maji.

Akatokea mtu mrefu, mwembamba, amevaa koti zito katika joto la Houston, ameshika ule mfuko wa plastiki wa makaratasi ambao wakimbizi wote hushuka nao. Tantine akapiga kigelegele. Yule bwana hakumwona hata dada yake. Alikwenda moja kwa moja kwa gauni la njano, akapiga magoti sakafuni mbele ya watu, akasema, "Riziki. Mutoto wangu. Riziki."

Riziki hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Alifungua mdomo, nikaona sentensi yetu inakuja, midomo ilikwisha kukaa kwenye "ka", halafu akaufunga, na mkono wake ukaenda shingoni ukashika pale ambapo kamba ilikuwa ikikaa. Akasema "Hi." Kisha akanitazama tena, akingoja nimvishe.

Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu. Nilimzika mume wangu katika nchi hii, nami nawaambia siku ile iliniuma zaidi.

Wakaishi pamoja katika fleti ya Tantine, baba na binti, na katikati yao Tantine akitafsiri, na Tantine akiwa kazini hakuna neno lililosemwa. Baba Riziki alikuwa fundi seremala kwao. Hapa alipata kazi katika kiwanda cha mabomba. Baada ya mwezi mmoja akaja katika darasa langu la watu wazima, lile la Kiingereza la Jumapili mchana, baada ya ibada.

"Mwalimu," akaniambia, "mutoto hanifikie kwa Kiswahili. Basi unifundishe mimi, nimufuate kwa Kiingereza."

Sikumwambia juu ya kibao. Nilitaka kumwambia kila Jumapili, na kila Jumapili nikapata sababu ya kunyamaza.

Sijapata mwanafunzi kama yule. Alibandika vikaratasi nyumba nzima, kwenye friji, mlangoni, hata kwenye kiatu chake. Aliandika maneno kwenye kiganja kwa kalamu kabla ya zamu, na jasho la kiwandani likayafuta, akayaandika upya wakati wa mapumziko. Kwenye mnyororo wa Kiingereza aliwashinda waliokuwa na mwaka mzima. Lakini alikuwa mtu wa haya. Nyumbani hakuthubutu kuyatumia. Alisema anaogopa mtoto atamcheka, atangoja mpaka azungumze vizuri. Nilimhimiza. "Mzee, sema hivyo hivyo vibaya, atakuelewa." Akaniambia, "Kidogo kidogo, mwalimu." Walikaa meza moja, mmoja ana Kiswahili anachokiogopa, mwingine ana Kiingereza anachokiogopa, wakila wali.

Mwaka ukapita hivyo. Kisha kiwanda kikapunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Binamu yake alikuwa Grand Prairie, huko kati ya Dallas na Fort Worth, karibu saa nne kwa gari, akamwitia kazi ya bohari. Nafasi ilikuwepo, nyumba ilikuwepo ya vyumba viwili. Akataka kumchukua Riziki. Akaniomba nije Jumamosi baada ya darasa nimwulize binti, kwa sababu Tantine alikuwa akilia na hakuweza kutafsiri.

Tulikaa mezani, mimi katikati. Vikaratasi bado vilikuwa ukutani. Baba akasema polepole, kama mtu anayepima mbao, akitaka nisipoteze neno. Nimwambie kuna shule karibu na nyumba. Nimwambie atakuwa na chumba chake. Nimwambie hatamlazimisha. Nimwulize tu kama anataka kuja na baba yake.

Nikatafsiri yote. Riziki alikuwa na miaka kumi na moja na nusu, mrefu kama baba. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Mwambie simjui," akasema kwa Kiingereza. "Ni mtu mzuri. Lakini simjui."

Na hapa, nyinyi mnaotaka mbinu, nilifanya kosa la pili, ingawa nilidhani ni huruma. Nikamgeukia baba, nikasema, "Anasema angependa amalize shule yake hapa kwanza."

Baba Riziki aliinua mkono kidogo kutoka mezani, kama tulivyokuwa tukifanya darasani mtu akitaka zamu.

"Acha, mwalimu," akasema. "Nimesikia."

Kisha akamgeukia binti yake na kumsemesha Kiingereza, kwa mara ya kwanza tangu afike, neno moja baada ya jingine, kila moja limetoka mahali pake.

"Ni kweli," akamwambia. "Na mimi sikujui."

Riziki akainua uso. Machozi yakamtoka, akaitikia kwa kichwa. Baba naye akaitikia. Walikuwa wameelewana kabisa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza bila mtu katikati, nami nilikuwa nimekaa pale pale katikati nikayasikia.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikampeleka baba kituo cha basi mimi mwenyewe, maana Tantine alikuwa zamu na Riziki alikuwa shuleni. Alikuwa na begi moja na sanduku lake la vifaa vya useremala. Njia nzima aliniuliza jambo moja tu: darasani kwangu, mtoto wake alikuwa anacheka?

Nikamwambia ndiyo, tena sana. Nikamwambia alikuwa anacheka akifunika mdomo kwa mikono yote miwili, na tuliposimama kwenye taa nyekundu nikaachia usukani, nikamwonyesha. Akatabasamu. Akaniomba nimwonyeshe tena.

Sikumwambia kwamba nilikiona kicheko hicho Jumamosi mbili tu.